Mguu Mtupu na Pedeli ya Baiskeli

Somo hili lilisemwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili wewe uliyelikosa ulisome, na wewe uliyelisikia ulirudie polepole pamoja na wenzako wa darasa. Mkiwa katika kikundi, mmoja wenu asome kwa sauti. Kama iko baiskeli karibu, iletwe ndani na kupinduliwa, magurudumu yatazame juu. Leo tutajifunza historia kwa macho na kwa mikono.

Itazame pedeli, yaani kile kikanyagio. Ni kitu kidogo, na watu wengi hawakifikirii mpaka siku kinapovunjika. Lakini jiulize: aliyekitengeneza alifikiri kitakanyagwa na mguu wa namna gani? Jibu la swali hilo ndilo somo letu. Kwa maana pedeli ilibuniwa na watu waliovaa viatu, kwa ajili ya watu waliovaa viatu. Kisha ikafika katika nchi ambazo mamilioni ya watu waliipanda kwa miguu mitupu. Kutokana na jambo hilo watu wengi wameumia nyayo, na wengine wamepoteza maisha kwa jeraha dogo ambalo hawakulijali.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim huko Ujerumani, bwana mmoja jina lake Karl Drais alionyesha chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedeli hata moja. Mpandaji alikaa juu yake na kuisukuma ardhi kwa miguu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekimbia huku ameketi. Kiatu ndicho kilichosuguana na barabara.

Ilipita karibu miaka hamsini kabla ya mguu kupata mahali pa kukanyaga. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris, huko Ufaransa, walitia mikono ya chuma na vikanyagio katika gurudumu la mbele. Majina mawili yanatajwa sana katika habari hiyo, nayo ni Pierre Michaux na Pierre Lallement. Na watu wangali wanabishana ni nani aliyetangulia. Lallement alihamia Marekani, na mwaka 1866 alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake. Kisha mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, alileta baiskeli iitwayo Rover. Hiyo ilikuwa na magurudumu yaliyokaribia kulingana, na mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya mpira wa kujazwa upepo. Baiskeli uliyo nayo mbele yako leo ni mjukuu wa hizo.

Basi pedeli zikagawanyika katika koo mbili. Ya kwanza ni pedeli ya chuma chenye meno. Ilitengenezwa kwa wapanda mashindano, ili meno yaung'ate unyayo wa kiatu usiteleze. Waingereza waliiita kwa jina la mtego wa panya, na ukiitazama utaona sababu. Ya pili ni pedeli ya mpira, yenye vipande viwili vya mpira mgumu vilivyoshikwa kwa skrubu. Hii ilikuwa ya mtu wa kawaida aendaye kazini au sokoni.

Baiskeli nyeusi nzito zilizofika Afrika ya Mashariki, kama vile Raleigh za Nottingham, na BSA, Hercules na Phillips za Birmingham, nyingi zilikuja na pedeli za mpira. Wakulima wa pamba wa Uganda walizinunua kwa fedha ya mavuno yao kati ya zile Vita Kuu mbili. Baadaye zikaja baiskeli za Hero kutoka Ludhiana huko Uhindi, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1956, na Phoenix za Shanghai. Baiskeli ilibeba ndizi, maziwa, samaki, mkaa, wagonjwa na maharusi. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilibeba abiria, na ndiko lilikotoka neno boda-boda.

Lakini mpira huchakaa. Vile vipande viwili huisha, hupasuka, kisha huanguka. Kinachobaki ni ekseli, kile chuma chembamba cha katikati. Na mwenye baiskeli, kwa kuwa fedha yake imekwenda kwenye karo au mbegu, huendelea kukanyaga chuma kile kile, peku. Je, umekwisha kuona hivyo kijijini kwako? Bila shaka umeona.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme mguu wako unakandamiza pedeli kwa uzito wa kilo 20. Kama pedeli ni pana, na unyayo umegusa sentimita za mraba 40, kila sentimita inachukua nusu kilo tu. Lakini kama umekanyaga ekseli tupu, na unyayo umegusa sentimita za mraba 5, kila sentimita inachukua kilo 4. Uzito ni ule ule, lakini nyama inaumizwa mara nane zaidi. Mwenye kiatu hajali sana, kwa sababu soli ngumu huutawanya uzito huo. Mwenye mguu mtupu hana soli ila ngozi yake. Ndiyo maana vidole hufa ganzi, na unyayo hupasuka.

Hapa hatuna budi kusema habari za afya, na kutenganisha hofu za kweli na hofu za bure. Maana baiskeli imezushiwa mengi. Katika miaka ya 1890 waganga wengine wa Ulaya na Marekani walionya kwamba mpanda baiskeli, na hasa mwanamke, ataharibika uso kwa kukaza macho na taya. Wakaupa ugonjwa huo jina la uso wa baiskeli. Ugonjwa huo haukuwako. Vivyo hivyo utasikia kwamba baridi ya chuma cha pedeli huingia nyayoni na kuleta baridi yabisi. Si kweli. Mtu aliye na maumivu ya viungo aweza kuyasikia zaidi asubuhi yenye baridi, lakini hakuyapata katika pedeli.

Hofu za kweli ni hizi.

Ya kwanza ni pepopunda. Mwaka 1889, mjini Berlin, Mjapani Kitasato Shibasaburo alifaulu kuwaotesha peke yao vijidudu vya ugonjwa huu. Mwaka uliofuata yeye na Emil von Behring walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyekingwa yaweza kumkinga mwingine. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon alitengeneza chanjo. Wengi husema pepopunda huletwa na kutu. Sivyo. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Pedeli yenye kutu na meno hutoboa tu mlango. Udongo ulioshikamana na mguu na pedeli ndio huingiza mgeni. Basi kupaka kutu rangi si kinga. Kinga ni chanjo, na kuliosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha kwenda zahanati, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la mwiba. Usilipake mavi ya ng'ombe wala udongo. Ukifanya hivyo umemfungulia adui mlango kwa mkono wako.

Ya pili ni safura. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba minyoo hii huingia kwa kinywa tu. Karibu na mwisho wa karne ya 19, huko Cairo, daktari Mjerumani Arthur Looss alidondokewa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo hiyo. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu, na baadaye akaona mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe. Hivyo ikajulikana kwamba minyoo hutoboa ngozi nzima, isiyo na jeraha.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Safura haipatikani juu ya pedeli. Hupatikana pale unaposhuka kusukuma baiskeli mlimani, au unapoingia shambani penye unyevu mahali watu wanapojisaidia. Maana yake ni kwamba hata ukinunua pedeli bora kuliko zote sokoni, safura haitakuogopa. Kinachoizuia ni choo cha shimo na kitu cha kuvaa mguuni.

Ya tatu ni tekenya, ambaye wengine humwita funza. Huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 aliletwa na meli iliyotoka Brazil mpaka pwani ya Angola, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara zima kwa nyayo za wapagazi na kufika upande wetu. Kidole chenye matundu ya tekenya kikikanyaga chuma huvuja damu, na tumekwisha kuona ni nini hufuata.

Ya nne hupatikana nchi za milima yenye udongo mwekundu wa volkano, kama vile sehemu za Ethiopia, Rwanda, Uganda na Kameruni. Miguu huvimba kama matende, na watu husema ni laana ya ukoo. Katika miaka ya 1970 daktari Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alionyesha kwamba sababu yake ni udongo wenyewe, unaopenya katika ngozi ya mtu atembeaye peku miaka mingi. Si mbu, wala hauambukizi. Kuosha miguu kila siku na kuvaa viatu huuzuia.

Sasa turudi dukani. Umepata fedha kidogo, nawe wataka pedeli mpya. Uchague vipi?

Kwanza, pitisha kiganja chako juu yake, ukikandamiza. Kama kiganja chaumia, unyayo utaumia zaidi, kwa sababu wenyewe utakandamiza mara elfu kabla ya kufika sokoni. Kataa meno. Kataa vichwa vya skrubu vinavyojitokeza juu.

Pili, chagua iliyo pana, yenye mpira au plastiki yenye vinundu butu. Mpira laini kabisa huteleza ukilowa, vinundu hushika.

Tatu, izungushe kwa kidole. Kama gololi zake zakwaruza, iache.

Nne, jua kwamba pedeli ya kulia na ya kushoto si sawa. Ya kulia hukazwa kama skrubu nyingine zote, lakini ya kushoto ina nyuzi za kinyume, ili isijifungue yenyewe inapozunguka. Ndugu wawili Wright wa Dayton, Marekani, wale waliorusha ndege mwaka 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli, nao mwaka 1900 waliuza pedeli za nyuzi hizo. Kwa hiyo fundi asilazimishe kwa spana pedeli isiyoingia. Ataharibu mkono wa chuma, na pedeli itakutoka ukiwa njiani na mzigo.

Kama fedha haitoshi, mwombe fundi akate vipande viwili vya tairi kuukuu la gari, avifunge pande mbili za ekseli, na vichwa vya skrubu vizame ndani ya mpira. Si kitu kizuri cha kutazama, lakini ni bora mara nyingi kuliko ekseli tupu. Na kama uko radhi kukata tairi, kata na katambuga, zenye ukanda wa nyuma wa kushika kisigino. Kandambili huchomoka na kuingia katika mnyororo.

Usisahau kifuniko cha mnyororo. Kikianguka, kirudishe, maana vidole vitupu havina kinga mbele ya meno ya cheni. Na mtoto unayempakia nyuma, mtafutie mahali pa kuweka miguu, kwa kuwa visigino vingi vya watoto vimesagwa katika spoku. Mguu ukifa ganzi, shuka upumzike. Lakini mtu mwenye kisukari, au aliyepungukiwa na hisia kwa sababu ya ukoma, asipande peku kamwe. Yeye aweza kukatwa asijue, na kuja kuliona jeraha likiwa limeoza.

Hatusemi haya kumdharau mtu asiye na viatu. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio ndefu za Olimpiki mjini Rome akiwa peku, na ulimwengu ukamshangilia. Mguu mtupu si aibu. Aibu ni kujua njia ya kuulinda na kuiacha. Aliyebuni pedeli hakuufikiria mguu wako. Basi ufikirie wewe, na fundi wako, na darasa lenu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini chuma chembamba huumiza unyayo mtupu kuliko pedeli pana, hali uzito ni ule ule?

2. Je, ni kutu au ni udongo unaoleta pepopunda? Eleza.

3. Kwa nini pedeli nzuri haiwezi kuzuia safura?

4. Hesabuni baiskeli za kijiji chenu. Ngapi zina ekseli tupu? Fundi wenu aweza kutengeneza ngapi kwa mwezi mmoja?

Swali la nne lisiishie daftarini.