Meno Kabla ya Adamu

Mwaka 1811, katika mji wa Lyme Regis, pwani ya kusini mwa Uingereza, kijana Joseph Anning aliona fuvu kubwa limetokeza mwambani. Mwaka uliofuata dada yake Mary, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 14, akapata sehemu kubwa ya mwili uliobaki. Baba yao, seremala, alikuwa amefariki na kuacha madeni, na familia iliuza visukuku ili ipate chakula.

Watu walidhani ni mamba. Wataalamu wakamwita iktiosauri, yaani mjusi-samaki: mwindaji wa bahari za zama za Jurasiki, karibu miaka milioni 200 iliyopita, mwenye macho makubwa na taya refu lililojaa meno.

Mifupa haikuwa na shida sana. Kilichotatiza zaidi kilikuwa kinyesi. Mary aliona kwamba ndani ya matumbo ya wanyama hawa mna mawe ya ajabu, na ukiyapasua unakuta mifupa na magamba ya samaki. William Buckland, padri wa Kianglikana aliyefundisha jiolojia Oxford, alitangaza mwaka 1829 kwamba ni kinyesi kilichogeuka mawe. Mengine yalikuwa na mifupa ya iktiosauri wadogo. Walikuwa wakilana!

Nasi tumefundishwa tangu utoto kwamba kifo kiliingia kwa dhambi ya Adamu. Basi hawa walikufaje kabla yake?

Buckland hakuyaficha mawe yake. Mwaka 1839 alihubiri juu ya jambo hilo katika kanisa kuu la Christ Church, Oxford, akishikilia kwamba hukumu ya kifo iliwahusu wanadamu, si wanyama. Tukiisoma Warumi 5:12 polepole, Paulo kweli anataja watu. Hata hivyo hoja hiyo haitutoshi sote; wapo kati yetu wanaouliza kwa nini Mungu mwema aumbe meno ya namna ile. Jibu la karibu tulilonalo ni Ayubu 41, ambapo Mungu mwenyewe anayataja meno ya mnyama wa kutisha, ambaye baadhi ya Biblia zetu humwita mamba, wala haombi radhi.

Mary alifariki mwaka 1847. Katika kanisa la mji wake kuna dirisha la vioo vya rangi la kumkumbuka. Halina mjusi wala jino. Linaonyesha matendo ya huruma, wenye njaa wakilishwa.