Makumbusho ya Lubumbashi: nyumba moja, maonyesho ya namna nyingi

Kwa wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo, neno «musée» linaleta mawazo ya fasi ya wageni: maski nyuma ya kioo, na mlinzi anayesema usiguse. Lakini pale Lubumbashi, jumba la makumbusho ya taifa limekwisha kuonyesha vyungu vya makaburi ya kale, sanamu za kuchonga, vitu vya nyumbani vya familia za wafanyakazi, na kazi za mafundi wa picha wa leo. Makala hii inaeleza nyumba hiyo ilitoka wapi, inaonyesha nini, na sababu gani mambo yake yanagusa pia mtu wa Uvira, wa Kindu ao wa Kalemie.

Ilianza namna gani?

Jumba hilo lilianzishwa mwaka wa 1946, wakati mji uliitwa bado Elisabethville. Mwanzilishi alikuwa Francis Cabu, aliyechunguza mabaki ya watu wa kale, na jumba lilibeba jina la mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka wa 1970 serkali iliunda taasisi moja ya makumbusho ya taifa, na nyumba ya Lubumbashi ikaingia humo.

Mwaka uleule wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini karakana ya wachoraji, Le Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Humo ndimo walitokea Pili Pili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela, aliyepaka rangi kwa vidole vyake. Kwa hiyo uchoraji wa Lubumbashi si jambo la jana.

Vitu vilivyotoka chini ya udongo

Maonyesho ya namna ya kwanza ni ya mambo ya kale. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, katika jimbo la leo la Haut-Lomami, wataalamu walichimba makaburi mwaka wa 1957 na 1958, kisha tena miaka ya 1970. Kuna makaburi ambayo umri wake unapita miaka elfu moja. Ndani walikuta vyungu vizuri sana, vyuma na mapambo ya mukuba, ndiyo kusema shaba. Katika makaburi yaliyofuata kulikuwa na misalaba midogo ya mukuba, iliyotumika kama feza. Ni ile misalaba iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka wa 1960.

Funzo lake ni wazi. Union Minière ilizaliwa mwaka wa 1906. Wakati huo watu wa hapa walikuwa wamekwisha kuyeyusha na kuuza mukuba kwa karne nyingi. Mtoto wa shule anayeambiwa kwamba madini yaligunduliwa na Wazungu anapata jibu pale, kwa macho yake.

Vitu vya nyumbani

Namna ya pili ilikuja na mradi wa «Mémoires de Lubumbashi», ulioanza mwaka wa 2000 chini ya maprofesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki. Onyesho moja lilichukua jina la Kiswahili: Ukumbusho. Lingine lilihusu wanawake, mavazi na muziki. Hapo hawakutafuta vitu vya wafalme. Walitafuta maneno, picha na vitu vya wakaaji wenyewe.

Wakati ule Gécamines, kampuni iliyokuwa baba na mama wa familia nyingi, ilikuwa imeanguka. Wazee waliokula mshahara wake walikuwa wanakufa mmoja mmoja. Kama hakuna mtu anayeandika habari zao, wajukuu watabaki na hadithi za kampuni tu, bila za watu walioijenga.

Picha za leo

Namna ya tatu ni ya vijana. Mwaka wa 2008 Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha «Picha», na mji ukapata biennale yake. Toleo la sita lilifanyika Oktoba na Novemba 2019, likiongozwa na Sandrine Colard, na makumbusho ilikuwa kati ya fasi za maonyesho. Mbele ya hapo Baloji alikuwa amekwisha kujulikana kwa kazi yake «Mémoire» ya 2006: alichukua picha za wafanyakazi wa zamani wa ukoloni na kuzipandikiza juu ya picha za viwanda vilivyobomoka. Ni kazi ya leo, lakini inauliza swali lilelile la Ukumbusho.

Na vile vilivyo mbali?

Hapa ndipo mambo yanagusa mashariki yote. Sanamu za mababu za Wahemba wa upande wa Kongolo, na maski na sanamu ndogo za Bwami za Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, ziko nyingi sana Ulaya na Marekani. Utawala wa kikoloni ulikataza Bwami, na vitu vyake vingi vikatoka mikononi mwa wenyewe. Katika Bwami, kitu hakionyeshwi ovyo: kina mwenye cheo, wakati wake na maneno yake. Kioo cha musée kinaonyesha mti ao pembe, lakini maneno yanabaki kwa wazee.

Hata kazi za miaka ya karibu zimeondoka. Picha zaidi ya mia moja ambazo Tshibumba Kanda Matulu alichora Lubumbashi mwaka wa 1973 na 1974, akieleza historia ya inchi, zilifika Amsterdam.

Ubelgiji ulirudisha vitu 114 kati ya 1976 na 1982. Februari 2022 ulipatia serkali ya Kongo orodha ya vitu karibu 84.000, na Juni 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa maski Kakuungu ya Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Kinshasa ina jumba jipya tangu 2019. Swali la majimbo ni hili: siku vitu vya Maniema, Tanganyika na Kivu vikirudi, vitalala wapi, na nani atavieleza kwa watoto wa hapa?

Familia inaweza kufanya nini?

Jibu la kwanza haliombi feza nyingi. Kama nyumbani kuna kiti cha babu, chungu, picha ya zamani ao chombo cha muziki, andika jina la mwenyewe, fasi kilitoka na kazi yake. Piga picha. Rekodi mzee akieleza, kwa lugha yake. Na mtu akija kununua haraka haraka bila kueleza anakipeleka wapi, familia ikae kwanza iongee. Kitu kikiondoka bila maneno yake, hata kikirudi siku moja, hakuna atakayejua kilikuwa cha nini.