Mbegha Angeandikwa Fungu Gani?

Mwaka 1974, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, vilitolewa vitu viwili ambavyo hapana mtu aliyefikiri kuvitaja pamoja. Cha kwanza ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Cha pili ni kitabu cha historia juu ya ufalme wa Washambaa, kilichoandikwa na Steven Feierman. Wiki hii nimeona niviweke kwenye meza moja.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wasioujua. Watu huketi na karatasi na penseli. Mmoja ni msimulizi, na wengine kila mmoja humsemea mtu wake wa kubuni: anakwenda wapi, anafanya nini. Dadu ndizo zinazoamua kama mkuki umempata adui au umepita hewani. Lakini kabla ya safari kuanza, kila mchezaji sharti achague fungu la mtu wake. Hapo mwanzo mafungu yalikuwa matatu tu: mpiganaji, mwenye uchawi na mtu wa dini. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Mwenye uchawi hakuruhusiwa silaha kubwa kuliko jambia, na mtu wa dini hakuruhusiwa silaha yenye makali. Kwa sehemu kubwa mmoja alichoma kwa moto na mwingine aliponya majeraha. Fungu likishaandikwa kwenye karatasi, mtu hulichukua popote aendako, na kazi yake ni kupanda ngazi.

Sasa tuseme kijana wa Lushoto anataka kubuni mchezo wa namna hiyo juu ya milima ya kwao. Njia rahisi ni kubadili majina: mpiganaji awe askari wa Kilindi, mtu wa dini awe mganga, mchezo umekwisha. Nami nasema akifanya hivyo atakuwa ameibeba Ulaya ya hadithi na kuivika kaniki.

Hebu tumtazame Mbegha. Habari zake zimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyemtumikia Semboja kule Mazinde kabla ya kuwa liwali chini ya Wajerumani. Masimulizi yanasema Mbegha alizaliwa Nguu, naye alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa watu wa wakati ule hiyo ilikuwa nuksi, na ndugu zake wakaifanya sababu ya kumnyima urithi. Akatoka na mbwa wake na mikuki yake. Akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale. Yule mtoto akafa mawindoni, na Mbegha akakimbia tena, safari hii kupanda milima ya Usambara.

Huko nguruwe mwitu walikuwa wakiharibu mashamba. Mbegha akawaua, akawapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Akawapa na dawa, kwa kuwa alikuwa mganga pia. Wakampa mke. Mwishowe alipopelekwa Vugha alimwua simba usiku, na jina la Simba likawa la wafalme. Wanahistoria huweka mambo hayo katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Ni kiasi gani kilitukia kama kilivyosimuliwa, hilo tuwaachie wenyewe.

Je, Mbegha angeandikwa fungu gani? Ana mikuki ya mpiganaji, na uganga anao. Nguu ni nuksi, Kilindi ni mtu mwenye deni la damu, Vugha ni Simba. Mtu ni yuleyule, na mbwa ni walewale. Kilichobadilika ni mahali alipo na wale wanaokula naye.

Wala si Mbegha peke yake. Washambaa walisema juu ya kuiponya nchi, kuzifya shi, na kuiharibu, kubana shi. Tungedhani, kama wale mabwana wa Wisconsin, kwamba mwenye kuponya ni mmoja na mwenye kuharibu ni mwingine. Sivyo. Feierman aliambiwa na wazee kuwa mfalme mwenye mvua, akiitawala nchi bila mpinzani, huileta mvua na kushibisha watu, kwa kuwa nchi ni yake na mtu hachomi nyumba yake. Lakini wakitokea wawili wanaogombea, huwa nguvu kwa nguvu, kila mmoja anatumia uwezo wake kumshinda mwenziwe, na jua linawaka juu ya mashamba ya wasiohusika. Dawa haikubadilika hata chembe.

Watu wa pwani wenye kucheza bao hawatashangaa. Katika sataranji farasi ni farasi tangu mwanzo mpaka aliwe. Katika bao kete zote ni sawa. Uwezo uko kwenye shimo: kete ndani ya nyumba si sawa na kete ya kimbi, ingawa ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha. Mchezo wa Usambara ungefaa ujifunze hapo.

Na mashimo yenyewe huhama. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vugha kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, chini bondeni, kwenye njia ya misafara ya biashara, na bunduki zilipita mlangoni pake. Akamfukuza Shekulwavu. Kisha, jambo la kutazamwa sana, hakupanda kukaa Vugha. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu pale mlimani, yeye akabaki bondeni kwenye baruti.

Baruti ililipwa kwa nini? Kwa pembe, na kwa watu. Raia wa milimani, ambao babu zao walimlisha Mbegha, waliuzwa na watawala wao wenyewe. Hapa ndipo mchezo wa kijana wetu utapimwa. Katika Dungeons & Dragons mchezaji huanza mdogo akakua. Usambara ya miaka hiyo mkulima mwenye mgomba wake na watoto wake aliweza kulala huru na kuamka bidhaa. Dadu gani itarushwa kwa ajili ya hilo, na nani atakubali kuketi mezani na karatasi ya mtu huyo? Ukimwacha nje, umeandika hadithi ya Wakilindi peke yao.

Kisha yuko Kinyashi. Wajerumani walipomnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1895, Kinyashi akaketishwa Vugha, baadaye akakiacha kiti. Mwaka 1926 Waingereza wakamrudisha, wakitaka mtu wa kuwakusanyia kodi na kusikiliza mashauri. Raia waliomwona akirudi waliona mwenye mvua. Serikali ilikuwa na karatasi yake ya fungu la Kinyashi, na Washambaa walikuwa na yao, na yeye akaketi katikati ya hizo mbili, akiogopwa, mpaka 1929.