Salme na Siti: Vitabu Viwili vya Kutia Sandukuni



Sanduku la biharusi tunalijua linavyopangwa: kanga, madira, viatu, udi, mafuta mazuri, vipodozi. Anayetia kitabu ni nadra, na akitia basi huwa ni kitabu cha mafunzo ya ndoa. Si vibaya. Lakini leo nataka kuwapendekezea viwili vya namna nyengine, vya maisha ya wanawake wawili wa kisiwa hiki hiki cha Unguja. Mmoja alizaliwa ndani ya jumba la mfalme. Mwengine alizaliwa Fumba, kwa wafinyanzi, akaitwa Mtumwa.

Naomba visomwe vyote viwili. Ukisoma kimoja ukakiacha chengine, utaijua nusu tu ya Unguja ya bibi zetu, na hiyo nusu itakudanganya.

Nianze na wa jumbani. Sayyida Salme alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi, aliyeletwa Unguja akiwa mtoto mdogo baada ya wazee wake kuuawa. Salme alikulia katika nyumba yenye ndugu, masuria na watumishi wasiohesabika, akasomeshwa Qur'ani kama watoto wenziwe. Ila kulikuwa na mpaka: wavulana walifunzwa kusoma na kuandika, wasichana kusoma tu. Kalamu haikuwa ya mtoto wa kike.

Salme hakuukubali mpaka huo. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio ubao wa wakati ule, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukakubali.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana wako hadi leo wanaodhani kumzuia mtoto wa kike kalamu lilikuwa jambo la dini. Wahyi wa kwanza kabisa uliamrisha kusoma, na ukaitaja kalamu. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Bi Shifaa bint Abdillah alimfundisha Bi Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.), kuandika, na Mtume akalitaja hilo bila ya kulikataza. Ni Bi Hafsa huyo huyo ambaye baadaye kurasa za Qur'ani zilizokusanywa wakati wa Sayyidna Abubakar zilihifadhiwa kwake. Kwa hiyo mpaka aliouvuka Salme ulikuwa mila ya jumba tu, na mila hujengwa na watu.

Kalamu hiyo ilimtia mashakani mapema. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, na ndugu wakagawanyika. Mwaka 1859 Barghash alitaka kumpindua Majid, na katika kundi lake aliyeweza kuandika na kuaminiwa kwa siri alikuwa dada yake mdogo, wa miaka 15 hivi. Salme akawa karani wa uasi. Uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki amegombana na nusu ya jamaa zake. Mama yake alikwisha kufariki kwa kipindupindu mwaka huo huo. Nawasikia kina bibi wakisema, unaona sasa, ndiyo maana hatukuwafunza kuandika. Lakini Barghash alijua kuandika pia na hakuna aliyesema kosa ni kalamu yake.

Yaliyofuata ndiyo watu wanayoyapenda kuyasimulia. Alijuana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akashika mimba, na mwezi wa Agosti 1866 akaondoka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi. Mwaka 1867 akabatizwa, akaolewa, akaenda Hamburg. Akawa Emily Ruete. Waongozaji wa watalii wa Mji Mkongwe huishia hapo, kama hadithi ya mapenzi. Ukikifungua kitabu chake unashangaa: kisa chenyewe kakipa nafasi ndogo mno, na mimba hakuitaja kabisa. Aibu ilikuwa bado ipo, na wasomaji wa kwanza aliowakusudia walikuwa watoto wake.

Alianza kuandika kwa sababu alidhani hataishi kuwaona wanawe wakikua. Mumewe aligongwa na tramu Hamburg mwezi wa Agosti 1870, akafa, akamwacha na watoto watatu, mdogo wao ananyonya. Ndoa ilikuwa ya miaka mitatu tu. Mama mjane, katika nchi ya baridi, lugha bado inamtatiza, na watoto ambao wangekuwa wakubwa bila kujua mama yao ametoka wapi. Ndipo akaandika. Kitabu, kwa Kijerumani, kilitoka Berlin mwaka 1886, na kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mwanamke wa Kiarabu kueleza maisha yake mwenyewe na kuyachapisha.

Maharusi, someni khasa habari za mali. Sayyid Said alipofariki, Salme alipata fungu lake la mirathi kama sharia ilivyoamuru, akiwa binti hajaolewa: shamba na fedha kwa jina lake. Alimiliki mashamba na kuyasimamia. Alipokuwa mjane Ujerumani, wakuu wa huko walimkatalia madai yake ya mirathi. Na aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai mafungu ya ndugu zake waliokufa, Barghash, sasa ni Sultani, hakukubali, kwa kuwa alikwisha toka katika dini. Tena alikuja akiwa kwenye meli za Wajerumani, ambao dai lake kwao lilikuwa kisingizio kizuri cha kumtisha Sultani. Walipopata walichokitaka, madai ya Salme hayakuwa na mwenyewe. Alijaribu tena mwaka 1888, akarudi mikono mitupu.

Najua kuna dada atauliza: tunamsomaje mtu aliyeacha Uislamu? Mimi namsoma, na simhukumu, kwani moyo wake anaujua Mola wake. Yeye mwenyewe hakujipamba. Anakiri kwamba aliondoka kwao akiwa Mwislamu mzuri, na kwamba Ukristo wake haukuwa wa kusifika. Barua alizoziacha, ambazo zilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake, ni nzito zaidi kuliko kitabu. Ndani yake mna mwanamke ambaye hana tena lugha ya kuombea. Sijasoma popote maelezo makali kuliko hayo ya gharama ya kutoka. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg, na ndani ya kaburi alitiwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

Lakini kuna jambo jengine ndani ya kitabu hicho ambalo ni zito kuliko habari ya dini yake, na wasomaji wengi huliruka. Salme aliutetea utumwa. Ana sura nzima. Anawaambia Wazungu kwamba hawaelewi, kwamba mtumwa wa Unguja hana shida kama wanavyodhani, na kwamba ukomeshaji umewaharibia watu mali zao. Yeye ambaye mama yake mwenyewe aliletwa akiwa mtoto aliyeporwa! Alipoandika juu ya wanawake wa Kiislamu alikuwa hodari kuwasahihisha Wazungu, na mengi aliyoyasema yanafaa hata leo. Alipoandika juu ya waliokuwa wakimpikia na kumfulia, macho yake hayakuona.

Ndiyo maana nikasema kitabu cha pili lazima kiwe kando yake.

Wasifu wa Siti binti Saad umeandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba mwaka 1880, miaka 14 baada ya Salme kuondoka. Wazee wake walizaliwa Unguja, asili ya baba ni Unyamwezi na ya mama ni Uzigua, na jina walilompa mtoto, Mtumwa, lilieleza hali ya watu wao waziwazi. Hakusomeshwa. Alifinyanga vyungu na mama yake, akavitembeza hadi mjini akinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Aliolewa, akaachwa, akiwa na mtoto mmoja wa kike. Mwaka 1911 akahamia mjini.

Mtu wa shamba, mwanamke aliyeachwa, asiyejua kusoma, asiye na jamaa mkubwa. Mji wa wakati ule ulikuwa na neno kwa kila mtu wa namna hiyo. Alikuwapo Ali Muhsin, aliyemfunza uimbaji na muziki, akaingia katika kundi la wapigaji hodari, na taarabu ambayo ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye majumba ya wakubwa ikaanza kuimbwa kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakaielewa. Jina la Mtumwa likaondoka, likaja la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi sahani za santuri. Bombay ile ile alikopelekwa Barghash kama mfungwa.

Waliomwonea choyo walimtungia maneno ya kumkumbusha kaniki aliyoijia nayo kutoka shamba, na kwamba lau si sauti angekufa njaa. Jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba uzuri na ukoo si hoja, mtu huhasirika kwa kukosa akili. Nani kati yetu hajaambiwa neno kama lile la kwanza siku ya kuchunguzwa ukoo kabla ya posa?

Na hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyeingiliwa kwa nguvu na kuuawa. Muuaji akakimbilia bara, na mahakama ikawaangukia wanawake waliotoka na mgeni yule. Watu walikuwa wakiyasema hayo barazani kwa kunong'ona. Siti aliyaimba mbele ya watu. Si ajabu kwamba Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti.

Tofauti kubwa na Salme ni kalamu. Siti hakuishika. Shaaban Robert alimkuta mwishoni mwa maisha yake, naye akafariki tarehe 8 Julai 1950. Tunachosoma ni Siti aliyepita kwenye mkono wa mwanamme, tena mshairi anayependa adili, ambaye katika kila maisha hutafuta funzo. Kiswahili chake ni asali, sikatai. Lakini mara nyengine unatamani anyamaze amwache bibi aseme: siku ile aliyoachwa alijihisi vipi? Mtoto wake alilelewa na nani alipokuwa akikesha kwenye maharusi ya watu? Salme kayaficha mengine kwa aibu yake. Ya Siti hatuyapati kwa kuwa aliyeandika hakuwa yeye. Bora hivyo kuliko kukosa, kwani wafinyanzi wangapi wa Fumba wamekwenda na habari zao?

Kwa upande wa riwaya nitapita haraka. Salme ameandikiwa riwaya za Kijerumani, ikiwemo ya Lukas Hartmann ya mwaka 2013 inayowahusu yeye na watoto wake watatu. Siti, kwa ninavyoona, bado anamsubiri mwandishi wa riwaya, na ningefurahi awe mwanamke. Anayetaka riwaya ya Unguja yenye mwanamke katikati atafute Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin, msichana aliyeozwa mzee asiyemtaka, atakufanya uulize kwa nini ridhaa ya bibi harusi, ambayo dini imeiweka wazi, ilikuwa ikisahauliwa kwa urahisi namna hiyo. Si lazima ukubaliane na kila alilolifanya baada ya kutoroka. Mimi sikubaliani na yote.

Anayenunua kimoja kwanza na aanze na cha Siti. Ni kijitabu chembamba, Kiswahili safi, na kinasomeka ndani ya fungate bila kumuudhi bwana harusi. Cha Salme ni kirefu, na toleo la Kiingereza linauzwa mjini. Kina sura tamu za mavazi, vyakula, sikukuu na harusi za zamani, kwa hiyo kisome kidogo kidogo. Ukiifikia ile ya utumwa usiiruke. Isome yote, kisha urudi Fumba, kwenye ukurasa ambapo mtoto anapewa jina.