Uhamaji wa Wasambaa kwenda nyikani

Uhamaji wa Wasambaa kwenda nyikani ni mwendo wa watu na familia kutoka sehemu za juu za milima ya Usambara, hasa wilaya ya Lushoto katika mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwenda kuishi au kulima katika nchi tambarare yenye joto iliyo chini ya milima hiyo. Wanaohama hufuata kwanza ardhi, kwa kuwa shamba la nyikani ni kubwa zaidi na hupatikana kwa gharama ndogo kuliko lile la mlimani. Wengine hutaja pia maisha mepesi yasiyo na baridi wala mizigo ya kupanda nayo mlima. Upande wa pili wa mizani kuna malaria, ukame na umbali na ndugu.

Ni vigumu kuhesabu wahamiaji hawa, kwa sababu wengi hawahami moja kwa moja. Familia huwa na nyumba juu na shamba chini, na watu hupanda na kushuka kwa kufuata misimu.

## Mlima na nyika

Wasambaa (pia Washambaa) huita nchi yao ya milimani Shambaai. Kwa jadi ni nchi ya migomba, mvua na hewa baridi. Kinyume chake ni nyika, yaani nchi kavu ya chini yenye miiba, wanyama wa porini na homa. Neno hilo lisichanganywe na "Wanyika", jina la zamani walilopewa Wamijikenda wa pwani ya Kenya.

Tofauti hiyo inaonekana kwa macho katika safari fupi. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mombo, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, iko takriban mita 1,000 chini yake. Kati ya miji hiyo miwili kuna barabara ya kilomita 33 hivi inayopita Soni. Kwa kawaida joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi kila mtu anaposhuka mita 1,000, kwa hiyo abiria anayeondoka Lushoto asubuhi akiwa na koti hulivua kabla ya kufika Mombo. Mvua nayo hupungua. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi humwaga maji mengi juu ya milima, na bonde la Mkomazi lililo nyuma yake hupata masalio tu.

Nyika inayohusika ina pande mbili kubwa. Kusini na magharibi kuna bonde la mito Mkomazi na Pangani, penye Mombo, Mazinde na Mkomazi. Sehemu kubwa ya upande huu iko wilaya ya Korogwe. Kaskazini kuna tambarare ya mto Umba kuelekea mpaka wa Kenya, penye kata za Mng'aro, Mnazi na Lunguza, ambazo ni za wilaya ya Lushoto yenyewe. Mtu anaweza basi kuhama kutoka baridi kwenda joto bila kutoka katika wilaya yake. Upande wa mashariki liko pia bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki.

## Historia

Kulima nyikani si jambo jipya. Kabla ya ukoloni vijiji vingi vya Wasambaa vilijengwa karibu na ukingo wa mlima. Mahali hapo mtu aliweza kutunza migomba nyumbani na kushuka kulima mahindi na mazao mengine ya nchi ya joto, kisha akarudi kulala juu. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili ulisaidia. Kulala chini kuliogopwa kwa sababu ya homa, na pia kwa sababu ya uvamizi wa wafugaji wa Kimasai.

Mhamiaji mashuhuri kuliko wote alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme. Ufalme wa Wasambaa, ambao kwa mapokeo ulianzishwa na Mbegha, ulikuwa na makao yake Vugha, mlimani. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja aliweka makao yake Mazinde, chini kabisa kando ya njia ya misafara iliyotoka pwani. Huko alipata bidhaa na bunduki kwa biashara, na nguvu hiyo ikamwezesha kupigana na waliotawala Vugha. Tangu hapo mlima haukuwa tena mahali pekee pa mamlaka.

Wajerumani walipoingia walikwenda kinyume. Walipanda juu kukimbia joto na homa, wakajenga kituo cha Wilhelmsthal, ambacho ndicho Lushoto ya leo. Wakati huohuo uchumi wao waliuweka chini. Mkonge ulioletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf ulienea katika tambarare za Tanga, na reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mashamba ya mkonge yalihitaji vibarua. Hata hivyo Wasambaa wengi hawakupenda kuishi kambini, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mkonge ilitoka mikoa ya mbali.

Chini ya Waingereza ardhi ya mlimani ilianza kuonekana kuwa haitoshi. Serikali iliona mmomonyoko wa udongo kuwa ndio tatizo, ikaanzisha mpango wa kurekebisha ardhi katika bonde la Mlalo miaka ya 1940 na kuupanua baadaye kama Mpango wa Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana haraka, na wengi waliogopa kwamba serikali ingewanyang'anya mashamba yao. Upinzani ulikua, ukaungana na harakati za TANU, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa 1961. Uchache wa ardhi ulibaki palepale.

## Sababu za kuhama

Sababu kubwa ni mgawanyo wa mashamba. Kwa desturi baba huwagawia wanawe ardhi yake, na kila kizazi kipande kinazidi kuwa kidogo. Familia moja inaweza kuwa na vipande kadhaa vilivyotawanyika, kimoja bondeni na kingine mteremkoni, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya ya Lushoto, na wengi wao waliishi sehemu za juu. Misitu ya hifadhi kama Magamba, Shume na Shagayu haiwezi kulimwa, hivyo nafasi ya kupanuka mlimani haipo.

Mabonde ya mlimani yenye maji yana thamani kubwa kwa sababu ya kilimo cha mboga. Kabichi, karoti, nyanya, pilipili hoho na viazi vya Lushoto huuzwa hadi Dar es Salaam, na mwenye kipande cha bondeni hakiachi kwa urahisi. Kijana asiyerithi bonde ana njia chache: akodi, awe kibarua, aende mjini Tanga au Dar es Salaam, au ashuke nyikani. Anayeshuka mara nyingi ni yule ambaye bado anataka kuwa mkulima.

Gharama za kila siku nazo zina nafasi yake. Nyikani nyumba haihitaji kuzuia baridi, na moto huwashwa kwa kupikia tu. Ardhi ni tambarare, hivyo baiskeli au mkokoteni hufanya kazi ambayo mlimani hufanywa kwa kichwa na mgongo, mara nyingi vya mwanamke. Mboga za mlimani hudai mkono karibu mwaka mzima, lakini mahindi ya nyikani hufuata mvua, na baada ya mavuno kuna miezi ya kupumua. Sifa ya maisha ya polepole inatokana na hapo. Inamfaa zaidi mwenye akiba ya chakula au ndugu wa kumsaidia, kwa sababu miezi hiyo hiyo ndiyo ya njaa mvua zikishindwa. Mkulima wa mpunga wa umwagiliaji, kwa upande wake, haijui kabisa.

## Afya

Hofu ya Wasambaa kuhusu nyika ilikuwa na msingi. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyefanya utafiti Usambara mwishoni mwa karne ya 19, aliandika kwamba watu wa milimani walijua kuwa wakishuka nyikani wangerudi na homa. Homa hiyo waliiita mbu, sawa na mdudu mwenyewe, kwa sababu waliamini kwamba yeye ndiye anayeileta. Hayo waliyajua wakati wanasayansi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana juu ya jambo hilo.

Utafiti wa baadaye katika Usambara umeonyesha kwamba maambukizi ya malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Baridi hupunguza mbu na pia huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu. Matokeo yake ni kwamba aliyekulia nyikani hujenga kinga ya kiasi fulani baada ya kuugua mara nyingi utotoni, lakini aliyekulia mlimani hufika chini bila kinga hiyo. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya njema anaweza kuugua vikali katika msimu wake wa kwanza, na watoto wadogo na wajawazito wako hatarini zaidi. Vyandarua vyenye dawa, ambavyo vilisambazwa nchini kwa njia ya Hati Punguzo kuanzia mwaka 2004, vimepunguza hatari hiyo bila kuiondoa.

Mlima nao haukuwa salama kwa kila kitu. Kati ya mwaka 1980 na miaka ya mwanzo ya 2000 vijiji vya juu vya Lushoto vilikumbwa na tauni mara kwa mara, na zaidi ya watu 7,000 waliugua.

## Kupata ardhi

Njia za kupata shamba nyikani ni kuazima kwa ndugu au rafiki, kukodi kwa msimu, kununua kwa mwenyeji, au kuomba kijiji. Wengi huanza kwa kukodi, wakaona mvua za mwaka mmoja au miwili kabla ya kuamua. Ni busara, maana mwaka mmoja mzuri nyikani haumwambii mtu mengi kuhusu mwaka unaofuata.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Asiye mwanakijiji anaweza kuomba, na maombi yake yanapitia utaratibu huohuo. Aliyepewa anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Aliyenunua kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili, bila kijiji kujua, ana haki dhaifu pale mgogoro unapotokea, na hapo ndipo wageni wengi huumia.

Migogoro yenyewe hutokana na ukweli kwamba nyika haikuwa tupu. Wazigua, Wapare, Wakamba na wafugaji wa Kimasai wanaishi au wanachunga humo, na eneo linaloonekana kama pori kwa mkulima kutoka mlimani huweza kuwa malisho ya kiangazi. Upande wa kaskazini kuna pia mpaka wa Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na sasa ni hifadhi ya taifa. Kulima na kuchunga ndani yake ni marufuku, na tembo wanaotoka humo huharibu mazao ya vijiji jirani. Upande wa kusini mashamba ya mkonge yalishika ardhi nzuri. Bei ya mkonge ilipoanguka baadhi yaliachwa, na watu wakaingia kulima bila hati.

## Maji

Mahali ambapo uhamaji umeshika mizizi zaidi ni penye maji ya kumwagilia. Skimu za Mombo, katika Korogwe, na Kitivo, katika tambarare ya Umba, hulima mpunga, zao lisilowezekana mlimani na lenye soko la uhakika. Mwenye jaruba katika skimu hategemei mvua ya nyikani, na ardhi hiyo haina tena urahisi wa bei uliowavuta wahamiaji wa kwanza.

Maji hayo yote hutoka juu. Mto Umba, kwa mfano, huanzia katika msitu wa Shagayu, hushuka tambarare na kuvuka mpaka kuingia Kenya. Mkulima wa kabichi anayefungua mfereji bondeni mlimani, au anayelima hadi ukingoni mwa kijito, hupunguza maji ya jaruba lililo chini, na katika kiangazi tofauti huonekana ndani ya siku chache. Mradi wa SECAP, ulioendeshwa Lushoto kwa msaada wa Ujerumani tangu mwaka 1981, ulihimiza upandaji wa miti na majani ya kuzuia udongo kwenye miteremko ili kulinda rutuba ya mlimani. Kwa waliohamia chini, miteremko hiyohiyo ndiyo inayoamua kama mfereji wao utakuwa na maji mwezi wa tisa, na waliobaki kuilima ni mara nyingi kaka zao.