Kamera ya filamu kwa picha za usiku: mambo ya kukagua kabla ya kununua

Simu nyingi za siku hizi hupiga picha gizani kwa kuchukua picha kadhaa fupi na kuziunganisha zenyewe. Kamera ya filamu haifanyi hivyo. Huacha mwanga hafifu uingie kwa sekunde kumi, dakika moja au hata saa nzima, na yote yakajichora kwenye kipande kimoja cha filamu. Ndiyo maana wapo wapiga picha wanaozitafuta kamera za zamani ili wapige nyota, mbalamwezi au taa za wavuvi ziwani.

Kamera hizo kwa kawaida huuzwa zikiwa zimeshatumika. Ukichagua vibaya, utajua baada ya filamu kusafishwa, fedha ikiwa imeshakwenda. Makala hii inaeleza cha kutazama.

Shata isiyotegemea betri

Shata ni pazia dogo lililo mbele ya filamu. Ukibonyeza kitufe linafunguka, kisha linafunga. Katika baadhi ya kamera pazia hilo huendeshwa na springi na gia, na katika nyingine hutegemea umeme wa betri. Kwa picha za mchana tofauti ni ndogo. Lakini kwa picha ya dakika 20, shata nyingi za umeme hula betri muda wote zikiwa wazi. Betri ikiisha katikati, picha imeharibika.

Kamera za springi zinazojulikana ni Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, Olympus OM-1, Nikon FM na FM2. Kwa hizi betri ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, kamera bado inapiga. Zenit-E, iliyotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti, haina betri kabisa.

Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni kamera nzuri, ila bila betri haifyatuki. Nikon FE iko katikati: ni ya umeme, lakini alama ya B na kasi ya 1/90 ya sekunde hufanya kazi bila betri.

Alama ya B

Kwenye gurudumu la kasi tafuta herufi B. Ukiweka hapo, shata hubaki wazi kadiri unavyoshikilia kitufe. Mkono hutetemeka, kwa hiyo unahitaji waya wa kufyatulia wenye skrubu ya kufungia. Hakikisha kitufe cha kamera kina tundu la kukazia waya huo, na chini ya kamera pana tundu la stendi ya miguu mitatu.

Ukaguzi dukani

Mwombe muuzaji akuruhusu kufanya haya kamera ikiwa haina filamu:

1. Toa betri, kisha fyatua. Isipofyatuka, shata ni ya umeme.
2. Weka kasi ya sekunde moja na usikilize. Ikikwama au kuvuta muda mrefu, mafuta ya ndani yamekauka. Zenit-E haina kasi hiyo, maana ya chini kabisa ni 1/30, hivyo jaribu B.
3. Fungua mgongo wa kamera, elekeza lenzi kwenye taa na utazame pazia. Ukiona vitone vya mwanga, limetoboka.
4. Gusa sponji za kingo za mlango. Zikinata au kumeguka, mwanga utapenya.
5. Angalia ndani ya lenzi. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, na hupatikana sana penye unyevu.

Lenzi ya milimita 50 yenye namba 1.8 au 2 inatosha kuanzia. Namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi.

Filamu huchoka gizani

Filamu ikikaa muda mrefu kwenye mwanga hafifu, wepesi wake wa kupokea mwanga hupungua. Kwa Kodak Tri-X 400, kipimo kikisema sekunde 10, kiwanda hushauri uache wazi sekunde 50. Kikisema sekunde 100, acha 1,200, yaani dakika 20. Fujifilm Acros 100 II haihitaji nyongeza hadi sekunde 120. Soma maelezo ya filamu yako kabla ya kutoka.

Kwa lenzi ya milimita 50, nyota huanza kuwa mistari baada ya sekunde kama 10. Karibu na Ikweta, zinazochomoza mashariki hupanda karibu wima, hivyo mistari yake husimama.

Kwa kila tukio piga picha tatu: moja kwa muda uliokadiria, ya pili mara mbili yake na ya tatu mara nne. Andika muda wa kila moja kwenye daftari. Filamu ikisafishwa, daftari hilo ndilo litakalokuonyesha muda unaofaa.