Magongo ya Kutembelea Lubumbashi: Kutoka Hospitali ya Kampuni hadi Vichochoro vya Bel-Air

Historia ya magongo ya kutembelea mjini Lubumbashi inafuatana na historia ya kazi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, reli ilipofika kutoka Rhodesia, na mwaka uliofuata tanuru la shaba la Union Minière du Haut-Katanga likaanza kuyeyusha mawe. Mgodi, reli na tanuru ni kazi zinazovunja miguu. Mawe huporomoka, mabehewa hubana, vyuma vizito huanguka. Mji uliojengwa juu ya kazi za namna hiyo ulikuwa lazima uwe na watu wanaojifunza kutembea upya.

Kabla ya hospitali, aliyevunjika muundi au paja alipelekwa kwa mganga wa mifupa. Mganga aliunyoosha mguu, akaukanda kwa mafuta, akaufunga kwa vijiti na magamba ya mti, kisha mgonjwa akalala hadi mfupa ushike. Alipoinuka alishika fimbo moja ndefu kwa mikono miwili. Njia hiyo haijafa. Hadi leo familia nyingi za Lubumbashi huanzia huko, ama kwa imani, ama kwa sababu mganga hukubali kulipwa kidogo kidogo.

Kilicholeta magongo mawili ni plasta. Mwaka 1852 Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alitangaza namna ya kufunga mfupa kwa bandeji zilizopakwa unga wa jasi, ambazo hukauka na kuwa ngumu kama jiwe. Miaka 43 baadaye Wilhelm Röntgen akagundua miale inayoonyesha mfupa ndani ya nyama. Maarifa hayo mawili yalibadilisha maana ya kuugua mguu. Mgonjwa hakulazimika tena kulala miezi mitatu. Aliweza kuondoka kitandani mguu ukiwa ndani ya plasta, ili mradi asiukanyagie, na bila magongo hilo haliwezekani. Mwaka 1917 Mfaransa Émile Schlick alipata hataza ya fimbo yenye egemeo la mkono, na kutoka kwenye wazo hilo yakaja magongo mafupi yanayokumbatia mkono chini ya kiwiko. Leo magongo hayo na yale marefu ya kwapani yote yanaonekana Lubumbashi.

Katika Katanga, iliyolipia matibabu hayo kwa mfanyakazi wa mgodi ilikuwa kampuni. Kuanzia mwaka 1928 Union Minière ilishika siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja: mikataba mirefu, nyumba za kambini, mke na watoto, shule na zahanati. Fundi aliyefunzwa kwa miaka mingi alikuwa ghali kumbadilisha, kwa hiyo mguu wake ulitibiwa ili arudi kazini. Huduma ilikuwa ya kweli, lakini kipimo chake kilikuwa shaba. Mpaka wake ulionekana tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kudai mishahara walipopigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Hesabu ya serikali ilitaja waliokufa 48 na waliojeruhiwa 74. Wenyeji wengi wameendelea kuamini kwamba walikuwa zaidi.

Baada ya uhuru mfumo huo ulipewa sura ya taifa. Tarehe 29 Juni 1961 iliundwa INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii, ambayo ilirithi pamoja na mengine mfuko wa kikoloni wa wafanyakazi waliolemaa. Mwaka 1967 migodi ya Union Minière ikawa mali ya serikali, na kampuni mpya ikaja kujulikana kama Gécamines. Kwa miaka ishirini hivi, mtoto wa mfanyakazi aliyeanguka mwembeni aliweza kutibiwa katika hospitali ya kampuni bila baba kuuza kitu.

Kisha nguzo ikaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba; baada ya mgodi wake wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na machafuko yaliyofuata, mwaka 1993 ilitoa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Hapo mzigo wa mguu uliovunjika ukahama kutoka kampuni hadi familia. Plasta, picha, chuma cha kuunganishia mfupa, magongo, vyote hununuliwa na ndugu. Nchini Kongo inajulikana wazi kwamba mgonjwa aliyepona huweza kuzuiliwa hospitalini mpaka ankara ilipwe, na anayetoroka gharama huondoka mapema, kabla hajafundishwa kutembea.

Hasara ya kulikosa somo hilo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana kutembea kwa magongo ni ufundi. Gongo la kwapani hupimwa mtu akiwa amesimama: kichwa cha gongo kiishie vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na kishikio kifikie kifundo cha mkono ili kiwiko kipinde kidogo. Uzito wote hubebwa na viganja. Anayelining'inia kwa makwapa huubana mshipa wa fahamu unaopita hapo, na baada ya wiki kadhaa mkono wake hulegea, kifundo kisiweze kuinuka. Hatua huenda hivi: magongo yote mawili mbele pamoja na mguu mgonjwa, kisha mguu mzima hufuata. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa ndio hutangulia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hufundisha haya kwa muda mfupi. Asipokuwepo, mgonjwa huyajua kwa kuanguka.

Mtaa wa Bel-Air, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, ile ile yenye mtaa wa viwanda, huuonyesha ugumu huo waziwazi. Sakafu ya hospitali ni laini. Njia za mtaani sivyo. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili huugeuza udongo mwekundu kuwa tope linalomeza ncha ya gongo, na kiangazi vumbi hufunika mashimo yasionekane. Mtaro usiofunikwa kati ya barabara na parseli unahitaji kuvukwa kwa ubao mwembamba. Choo kikiwa uani na umeme umekatika, mgonjwa hawezi kushika taa, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Mtoto mmoja wa nyumbani huteuliwa kumtangulia na tochi. Raba ya ncha ikiisha, hukatwa nyingine kutoka tairi kuukuu, nayo isipobadilishwa gongo huteleza juu ya saruji yenye maji. Pikipiki za abiria zimerahisisha safari ya kurudi hospitalini, na hizo hizo zimeongeza idadi ya wanaohitaji magongo.

Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu nchini, na inafuata ahadi ya kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006. Ikitekelezwa, mtaro uliofunikwa na mlango usio na ngazi vitamfaa pia yule anayetembelea magongo kwa miezi mitatu tu. Wakati utekelezaji unasubiriwa, lipo jambo lililo ndani ya uwezo wa kila mtaa. Jozi ya magongo hudumu miaka mingi, mguu hupona kwa miezi. Nyumba yenye jozi iliyolala stoo baada ya mgonjwa kupona iipeleke zahanati iliyo karibu, pamoja na mtu aliyekwisha kuyatumia, amwonyeshe anayeanza namna ya kuweka mikono.